Fundi wa mashela Mji Mkongwe kashona nguo za baleti, nampa nyota nne

Wengi mlioona picha za onesho la watoto mmeniuliza nguo zile zimeagizwa wapi. Hazikuagizwa jamani, zimeshonwa hapahapa mjini, na mzee mmoja anaeshona mashela ya maharusi kwenye kichochoro nyuma ya Darajani, na baleti, ile dansi ya Kizungu ya jukwaani, hajapata kuiona hata siku moja. Jina simtaji maana kuna malalamiko humu ndani na mzee wa watu sitaki kumchafulia.

Darasa la dansi walitaka watoto watoke na nguo za baleti za zama mbalimbali, kwa hiyo tukampelekea kazi nne, picha kwenye simu na advansi nusu. Kazishika zile neti tulizomnunulia, kazigeuzageuza, kaniuliza, "Mwanangu, hii nguo au chandarua?"

Naanza na ile suruali maana ndo kila mtu kaipenda. Mwaka 1910 kundi la baleti la Mrusi Diaghilev lilionesha baleti ya Schéhérazade pale Paris, nguo alizichora Léon Bakst, buluu na kijani na rangi ya chungwa zote pamoja, wanawake wamevaa suruali pana zilizobanwa kwenye vifundo vya miguu, na mji ukapagawa. Mwaka uliofata mbunifu Paul Poiret akawatolea mabibi wa mjini suruali za namna hiyo wavae nje ya jukwaa, zikazuka kelele eti mwanamke vipi avae suruali (na Poiret mwenyewe alikuwa hapendi kabisa kuambiwa kachukua kwa Bakst). Sasa mie namuelezea fundi yote haya, yeye kaniangalia tu, kanambia hii si ndo suruali ya bibi zetu hii? Na kweli, itizameni ile picha maarufu ya Bibi Salme, binti wa Seyyid Said, na vazi lake la kwao, suruali ile pale chini ya kanzu, na kitabu chake kimetoka 1886, Poiret hata duka hajafungua. Basi mzee hakutaka patani wala nini, kakata kwa jicho, satini ya chungwa, bitana nyepesi, marinda madogomadogo miguuni, na mpira wa kiuno kautia ndani ya pindo kiasi kwamba mtoto karuka na kuzunguka na wala haikushuka. Hapo nyota tano na zaidi.

Nguo nyeupe ndefu nayo kaipatia. Hii ni ile ya mcheza baleti Marie Taglioni kwenye baleti ya La Sylphide, 1832, bodisi imebana, mabega wazi, sketi kama kengele inaishia katikati ya muundi. Ukiangalia kwa makini, juu ni gauni la mtindo wa wakati ule tu, kiuno chembamba na mabega yaliyoshuka, wanawake wa Paris walikuwa wanavaa hivyo hivyo kwenye karamu, kilichobadilika ni kitambaa chepesi na urefu ili miguu ionekane. Mabega wazi sisi hatukutaka, fundi bila kuambiwa kaweka neti mpaka shingoni, na kachagua neti ya rangi ya ngozi ya mtoto mwenyewe, hudhurungi, si ile pinki iliyofifia wanayoiita rangi ya ngozi kwenye vifurushi vya nje. Hili dogo lakini mie limenigusa, kwa sababu wacheza baleti weusi wamehangaika sana, walikuwa wanapaka viatu vyao poda mpaka vikolee, Freed wa London, watengeneza viatu vya baleti, wametoa viatu vya pointi (vile vya kusimamia ncha za vidole) vya rangi zetu mwaka 2018, jana tu hapo. Mzee anashonea maharusi wa Unguja, kwake hilo halina mjadala.

Tahadhari moja, neti hizi za nailoni zinashika moto haraka. Kuna mtu kwenye maandalizi alitaka watoto wabebe mishumaa, nikakataa katakata. Mcheza baleti Emma Livry sketi yake ilishika moto wa taa ya gesi akiwa mazoezini Paris 1862, akafa mwaka uliofata, na kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia moto kilikuwepo ila alikikataa kwa kuwa kinakakamaa na kufifia. Taa za betri zinatosha.

Malalamiko sasa. Ile tutu, sketi ya baleti fupi ya bapa, ambayo mtu akisikia baleti ndo anaiwaza. Ilifupishwa miaka ya 1880 na 1890 kule Urusi walipokuja wacheza baleti Wataliano kina Virginia Zucchi na Pierina Legnani, Legnani anazunguka mara 32 kwa mguu mmoja, sasa sketi ndefu ya nini hapo. Inatakiwa neti ngumu, tabaka kumi na kitu, za chini fupi za juu ndefu, zote zimeshonewa kwenye chupi. Mzee kazikata zote sawa, kwa neti laini ya shela, na kwa unyevu wetu huu wa pwani ilipofika jioni imelala kama mwavuli uliovunjika. Kumrudishia kakasirika kidogo, katia waya, ikasimama lakini upande mmoja juu upande mmoja chini. Mwisho nikamuonesha picha za Karinska, yule mshonaji wa New York alieutoa waya kabisa mwaka 1950, tabaka fupi zimeshikizwa kwa uzi uliolegea zinabebana zenyewe. Hapo akaelewa mara moja, kafumua, kapiga bandi upya kwa mkono, ikakaa. Lakini muda ulikuwa umeshatuishia na mazoezi ya mwisho mtoto kafanya na leotadi tupu, ile nguo ya mazoezi ya kubana mwili.

Nguo ya nne, ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alievaa jua la dhahabu akicheza baleti 1653, sina mengi, kasabu ile ile anayotilia majoho ya mabwana harusi kaitandaza kifuani kama miale, imependeza, nzito lakini, mtoto kalalamika.

Bei ya zote nne pamoja ilikuwa chini ya vazi moja la kuagiza ukitia na usafiri. Nyota moja nimeitoa kwa kuchelewa na kwa ile tutu. Mkienda nendeni mapema, si mwezi wa Shaabani maana harusi ni nyingi hapo hamtamuona, neti ngumu mnunue wenyewe, na risiti muombe kwa sababu hatoi mpaka aombwe.