Viatu vya kuingilia porini Uganda: nimevipanga, na gambuti imeongoza

Kabla ya kuuliza bei, jiulize utakanyaga nini. Ziwa Mburo wakati wa kiangazi ni vumbi, nyasi kavu na miiba. Sipi na vijiji vya mteremko wa Elgon ni udongo mwekundu ambao mvua ya nusu saa tu inaugeuza sabuni. Bwindi ni mizizi, miteremko ya kushika miti kwa mikono, na siafu. Rwenzori ni maji, na hayo hukufuata mpaka ndani ya kiatu. Hakuna kiatu kimoja kinachozimudu zote hizo. Kipo kinachokaribia, nacho ndicho watu wanaona aibu kukivaa kwenye picha.

Mpangilio huu ni wa mtu mwenye kipato cha kawaida, anayetoka kwenda porini mara chache kwa mwaka na kununua vitu vyake Kampala, Mbale au Kasese. Anayeongoza wageni kila siku ana hesabu zake, na nitamgusa kidogo huko chini.

Namba moja: gambuti

Anayepanda Rwenzori kwa njia ya Nyakalengija aangalie miguu ya wapagazi wa Kikonzo. Wamebeba mizigo ya watu, wanatembea haraka kuliko wenye mizigo, na wengi wao wamevaa gambuti. Ukishatoka kambi ya John Matte, iliyo kwenye mita 3,400 na kitu, unaingia kinamasi cha Bigo. Sehemu nyingine zimewekewa njia za mbao. Kwingine unaruka kutoka kishungi kimoja cha nyasi hadi kingine, na ukikosea unazama karibu na goti. Hapo buti la bei mbaya lenye utando wa kuzuia maji limeshindwa, kwa sababu maji hayakupita kwenye ngozi, yameingilia mdomoni. Yakishaingia, utando uleule unayazuia yasitoke. Baridi ya usiku kule juu hailikaushi buti, kwa hiyo kesho yake unavaa kiatu chenye maji ya jana. Gambuti unaipindua, unaifuta kwa kitambaa, unabadili soksi, unaendelea.

Bwindi nako gambuti inafaa, kwa sababu nyingine. Shingo ndefu inakinga muundi na majani yanayowasha, na suruali ukiichomeka ndani siafu wanapata kazi kubwa ya kukupanda.

Sasa ipi ununue? Nyingi zinazoning'inia madukani ni za plastiki ya PVC, iliyomiminwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja. Za mpira halisi zipo, zinagharimu zaidi, na tofauti yake utaijua kwa mkono: kamata shingo ya kiatu uikunje. Mpira unakunjika laini na kurudi wenyewe. Plastiki inabisha, na penye baridi inabisha zaidi, ndiyo maana mtu huteremka Rwenzori na mkwaruzo mwekundu umemzunguka mguu pale shingo ya kiatu ilipokuwa ikisugua. Kama mfuko wako unafika kwenye plastiki tu, nunua hiyo plastiki, lakini vaa soksi ndefu zinazopita ukingo wa gambuti kisha uzikunjie nje. Mkwaruzo utakutana na kitambaa kwanza.

Halafu ingiza mkono wote ndani mpaka kwenye vidole. Unatafuta mshono uliotuna au donge la plastiki, hasa nyuma ya kisigino. Dukani utaliona dogo. Baada ya saa tatu za mteremko litakuwa limekutoa lengelenge. Geuza soli: meno yawe marefu na yaachane, tope lipate pa kutokea. Soli yenye michoro myembamba ya urembo ni ya kuoshea gari. Na zile zenye chuma kidoleni waachie mafundi wa ujenzi, maana ni nzito, chuma kinavuta baridi, na ukiteremka vidole vinakwenda kukigonga kila hatua.

Ukubwa ndipo wengi wanapopotea. Chukua namba moja juu ya ile unayovaa kila siku, upate nafasi ya soksi nene na soli ya ndani ya kuongeza, kwa sababu gambuti inapokuja kutoka dukani chini huwa ni ubao mtupu. Ila isiwe kubwa kiasi kwamba tope linaimeza na mguu unatoka peke yake. Dawa ya gambuti inayocheza ni ukanda wa tyubu ya baiskeli, ule unaofungia mizigo kwenye boda boda: zungusha mara mbili kwenye kifundo cha mguu juu ya gambuti, kaza, na kisigino kitatulia. Ukanda huo pia unapunguza udhaifu mkubwa wa kiatu hiki, yaani kutoshika kifundo.

Kuna mahali gambuti inaishia. Juu ya kambi ya Elena, mita 4,541, njia ya kwenda kilele cha Margherita (mita 5,109) inapita kwenye mwamba na barafu, na meno ya chuma ya kutembelea barafu yanahitaji buti gumu. Kidepo nako, nyika kavu ya kaskazini-mashariki, kwenye jua lile utapika miguu.

Namba mbili: mabuti ya mtumba

Nimeyaweka hapa kwa shingo upande kidogo, si kwa ubora, bali kwa sababu yanahitaji macho. Agosti 2023 Rais Museveni alitangaza Mbale kwamba nguo za mtumba kutoka nje zipigwe marufuku; wenye vibanda bado wapo, na Owino (jina lake rasmi Soko la St. Balikuddembe) utakuta mabuti ya Kijerumani, ya Kiitaliano na ya Kimarekani yamefungwa kamba jozi kwa jozi, yamepakwa dawa ya viatu mpaka yanang'aa. Mng'ao huo ndio wa kuutilia shaka kwanza. Mwambie muuzaji akuonyeshe jozi ambayo hajaipaka. Mara nyingi ipo chini ya meza, na mara nyingi ni nafuu.

Adui wa buti la mtumba haonekani. Kati ya soli ya chini na ngozi kuna tabaka laini la kupokea uzito, na katika mabuti mengi tabaka hilo ni la poliyurethani. Povu hili huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Buti linaweza kuwa na ngozi safi na meno marefu, kwa sababu mwenyewe huko alilivaa mara mbili akalisahau miaka kumi, na siku unayopanda Elgon soli inabomoka makombo na kubaki njiani. Kwa hiyo bonyeza tabaka hilo kwa kucha ya kidole gumba, pande zote. Likirudi taratibu, sawa. Likibaki na alama, likinata, au ukiona nyufa nyembamba kama za matope yaliyokauka, rudisha mezani hata kama ngozi inakuita. Kisha likunje buti kwa nguvu kwenye usawa wa vidole, sikiliza. Mlio wa kukatika ni jibu. Muuzaji atakwambia, "Hiyo ni orijino, ssebo," yaani bwana kwa Kiganda. Inawezekana kabisa. Orijino nazo zinazeeka.

Nusa pia. Harufu kali ya gundi ina maana soli imebandikwa juzi, hapohapo sokoni. Si lazima uikatae, lakini bei ishuke, na kabla ya safari mpelekee fundi viatu aishone soli kuzunguka kwa uzi mnene. Kushona huko hugharimu kidogo sana ukilinganisha na kurudi mteremko mzima umefunga kiatu kwa kamba ya ndizi.

Usidanganywe na lebo. Kitambulisho cha Gore-Tex, ule utando wa kuzuia maji, kwenye buti lililotumika kinakwambia lilivyozaliwa, hakikwambii utando una hali gani leo. Ile alama ya manjano ya Vibram, watengeneza soli, chini ya kiatu ni nzuri, ila hata yenyewe inaigwa. Mimi naangalia zaidi kisigino kilivyolika: kikiwa kimelika upande mmoja sana, aliyekivaa alikuwa na mwendo wake, na kiatu kitakulazimisha uutembee.

Penda ngozi nzima yenye mishono michache kuliko kitambaa kilichoungwa vipande vingi. Ngozi unaipaka mafuta na inasamehe. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za siku, ukiwa na soksi utakazovaa safarini. Sukuma mguu mbele kabisa kabla ya kufunga kamba. Kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kama hakiingii, kucha zako ndizo zitakazolipa wakati wa kushuka kutoka Wagagai, kilele cha Elgon, na kutoka mita 4,321 hadi Budadiri kushuka ni kwingi.

Namba tatu: raba zenye meno

Raba za kukimbilia njia za porini ni nyepesi, zinalowa upesi na kukauka upesi. Kwa Ziwa Mburo, visiwa vya Ssese, au maporomoko ya Sipi wakati wa jua, sioni sababu ya kubeba kitu kizito zaidi. Zipo kwenye mitumba kwa wingi. Hakikisha una soksi za kufunika kifundo, kwa ajili ya kupe na miiba. Kwa Bwindi zitakufikisha, lakini siafu nao watafika.

Namba nne: mabuti mapya ya dukani

Najua kuna watakaokasirika kuyaona hapa. Buti jipya zuri ni kiatu kizuri. Shida ni kwamba kwa pesa ya jozi moja unapata gambuti, mtumba wa ngozi, soksi za kutosha na nauli ya kwenda Kasese, na bado kwenye kinamasi gambuti ingelishinda buti hilo. Tena dukani mjini utakutana na nakala zenye majina makubwa zikiuzwa kwa bei ya kweli; hapo afadhali mtumba, ambao angalau umeshathibitisha kwamba hauachii soli wiki ya kwanza.

Wawili nawaruhusu. Wa kwanza ni mwongozaji anayetembea wiki hadi wiki: kwake kiatu ni jembe, anunue bora anayoweza. Wa pili ni anayekwenda kileleni Margherita. Lakini hata huyo aulize kwanza, kwa sababu Nyakalengija na Kilembe vifaa vya barafu hukodishwa. Ukinunua mapya, livae buti nyumbani, sokoni na kanisani au msikitini mpaka likuzoee kabla hujalipeleka mlimani.

Namba tano: lugabire na ndara

Lugabire, yaani sandali ya tairi, haiishi, na kambini jioni hakuna kinachoipita. Kutembea nayo siku nzima kwenye udongo mwekundu ni jambo lingine. Kuna ugonjwa wa kuvimba miguu uitwao podokoniosi, usiotoka kwa mbu wala mdudu yeyote. Unatokana na chembe za udongo wa volkano zinazopenya ngozi ya anayetembea miguu mitupu miaka mingi, na Uganda umeonekana Kamwenge na kwenye miteremko ya Elgon. Safari moja haitakuletea hayo. Funza, ndiyo, inaweza.

Usinunue kabisa

Chochote chenye mabaka ya kijeshi, kiwe buti, begi, koti au hema. Sheria ya UPDF (jeshi la Uganda) ya mwaka 2005 inamkataza raia kuwa na vifaa na mavazi ya jeshi, na mwaka 2019 serikali ilitangaza rasmi mavazi yanayohusika, bereti nyekundu zikiwemo. Kwamba koti limetoka jeshi la Ulaya na umelitoa kwenye rundo la mtumba si maelezo utakayotaka kuyatoa kizuizini saa nne usiku. Kijani kitupu au kahawia vinatosha porini.

Chenji yako iende kwenye soksi

Soksi za pamba zinashika maji na kuyang'ang'ania. Ndizo mama wa malengelenge. Tafuta za sufu kwenye mitumba, jozi tatu: moja ya kutembelea, moja inayokauka, moja ya kulalia ambayo haigusi tope hata kwa bahati mbaya. Ukikosa sufu, soksi ndefu za wachezaji wa mpira, za nailoni, zinafanya kazi vizuri ndani ya gambuti, hasa ukivaa mbili.

Mkifika kambini msiyasogeze mabuti kwenye moto. Joto linaachanisha gundi na kupasua ngozi, na usiku mmoja wa hivyo unaweza kumaliza kiatu kilichokuwa na miaka mitano mbele yake. Jaza magazeti ndani, yabadilishe kabla ya kulala. Gambuti zisimike kichwa chini kwenye vijiti viwili, na asubuhi uzigonge kisigino kwa kisigino kabla hujaingiza mguu, kwa sababu kuna wengine wanaopenda sehemu kavu yenye giza.