Vifaa vya kutunza matairi ya gari: kipi ununue kwanza

Matairi ni ghali, na mengi yanayokufa mapema kwenye barabara zetu hayauawi na misumari. Yanauawa na upepo mdogo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Ongeza mzigo, abiria watano na jua la saa nane mchana kati ya Chalinze na Morogoro, hapo nyuzi za ndani huanza kuachana na mpira. Kwa hiyo nimekipa nafasi ya kwanza kifaa kidogo ambacho wenye magari wengi hawana.

1. Geji ya upepo

Macho hayatoshi, wala kulipiga tairi teke. Tairi lisilo na tyubu linaweza kupoteza robo ya upepo wake na bado ukaliona zima. Geji za fimbo, zile zinazofanana na kalamu, ni za bei ndogo lakini zikidondoka hupoteza usahihi. Za dijitali zinasomeka vizuri hata gizani, ila utahitaji betri. Mimi napendekeza ya mshale, yenye mpira mfupi na kitufe cha kupunguzia upepo, na iwe na psi na kPa, vipimo viwili vya msukumo wa upepo, kwenye uso mmoja.

Hizo kPa zina kazi. Kiwango sahihi cha upepo kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kwa kuwa magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, kibandiko hicho kimeandikwa kwa kPa: 220 ni psi 32, 230 ni 33, 240 ni karibu 35. Namba iliyo ubavuni mwa tairi, mara nyingi 44 au 51, ni kikomo cha tairi lenyewe. Ukijaza kwa hiyo, kashata za katikati, yaani vinundu vya mpira vinavyokanyaga barabara, zitaisha wakati za pembeni bado nzima. Zikiisha za pembeni zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Ukiisha upande mmoja tu, kapime alaimenti, yaani mnyooko wa magurudumu.

Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Kandamiza kichwa cha geji kwenye valvu hadi mlio wa upepo ukatike kabisa. Kama bado unasikia "fsss", umekiweka upande na namba unayosoma si ya kweli. Baada ya safari ndefu upepo hupanda psi 3 au 4 kwa sababu ya joto. Usiupunguze.

2. Pampu ya kuchomeka kwenye soketi ya kiberiti

Ni msaada mkubwa kwa anayekaa mbali na kituo cha mafuta, au anayeamka na kukuta tairi limelala. Kabla ya kulipa, hakikisha waya na mpira vinafika gurudumu la nyuma. Washa injini unapoitumia, na uipumzishe ikishika moto. Kwa gari kubwa tafuta ile inayobanwa moja kwa moja kwenye betri, maana fyuzi ya soketi ya kiberiti haivumilii pampu yenye nguvu. Geji iliyo juu ya pampu isikudanganye. Malizia kwa yako.

3. Spana ya msalaba na jeki imara

Nati zilizokazwa kwa mashine hazifunguki kwa spana fupi iliyokuja na gari. Zilegeze kabla ya kuinua gari, na unapofunga, kaza kwa kuvuka: nati hii, kisha ya upande wa pili. Kagua na tairi la akiba. Kama ni lile jembamba la dharura, linataka psi 60, na halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa.

4. Kamba za kuziba pancha

Zinaziba tundu la msumari kwenye kashata tu, kamwe si ubavuni. Ukifika mjini, mwambie fundi alifungue tairi na kuweka kiraka kwa ndani.

5. Dawa ya majimaji ya kuziba

Inunue tu kama gari halina tairi la akiba. Ina tarehe ya kuisha muda, na inachafua rimu. Mweleze fundi kabla hajafungua.

Usivyohitaji

Naitrojeni ya kulipia siishauri kwa gari la kawaida: hewa tunayovuta tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Dawa ya kung'arisha nayo iache dukani. Maji na sabuni vinatosha, na ukiosha, pitisha kiganja ubavuni, ndani na nje. Ukigusa uvimbe, hata mdogo kama punje ya haragwe, nyuzi za hapo zimekatika. Hakuna kiraka cha kuutibu. Tairi hilo lisiende safari tena.