Walipiga simiti juu ya ukuta wa matumbawe, Mkomani, Lamu: uzoefu wangu na kampuni ya plasta

Plasta imeanza kubambuka. Hata masika moja haijapita vizuri tangu waondoke, na ukuta wa upande wa uani umefura kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Ukiugonga kwa kifundo cha kidole unalia wazi. Ukiparua kidogo unamwagika unga wa chumvi. Nilipowapigia simu wakasema ni rangi mbaya. Si rangi. Ni simiti yao.

Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kuta nene karibu nusu mita, na chini hakuna kizuizi chochote cha unyevu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta, na yakipanda huja na chumvi. Chokaa ina vitundu vidogo vidogo, kwa hiyo unyevu hupita ukatoka, chumvi ikabaki juu ya uso, ukaifagia kwa brashi kavu. Simiti haipitishi hivyo. Maji yakikuta njia imezibwa hupanda zaidi kutafuta pa kutokea, ndiyo maana sasa kuna ubichi mahali ambapo haukuwapo kamwe. Chumvi nayo hukaukia nyuma ya plasta, ikawa fuwele, na fuwele zikikua husukuma. Kinachoanguka basi si plasta peke yake. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lililoibeba, kwa hiyo inapobambuka huondoka na uso wa jiwe. Vipande vilivyoanguka hapa vina matumbawe yamegandia nyuma yake, unene wa kidole kizima. Jiwe hilo halirudi.

Na hawakuwa hawajaambiwa. Msimamizi wao alielezwa yote haya kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa. Akaonyeshwa na pipa la chokaa iliyolowekwa zaidi ya miezi mitatu, imeiva, laini kama samli. Akaitazama, akasema mbele ya vijana wake: "Mama, hayo mambo ya kale. Chokaa ni ya kupaka miti na mabanda ya kuku. Simiti ndiyo nguvu. Wewe tuachie kazi."

Nguvu ya nini? Simiti ya Portland ilipata hataza huko Uingereza mwaka 1824. Nyumba nyingi za mawe zilizobaki Lamu ni za karne ya 18, na zimesimama kwa chokaa hiyo hiyo anayoiita ya mabanda. Mtu anakuja kwenye mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, urithi wenyewe ni kuta hizi, halafu anamfunza mwenye nyumba adabu mlangoni mwake!

Kazi ilipaswa kwenda hivi, na nawaandikia wenye nyumba wenzangu ili msidanganywe. Plasta ya zamani iliyolegea hutolewa kwa tindo ndogo na nyundo nyepesi, kuanzia pembeni mwa sehemu inayolia wazi, iliyoshika huachwa. Viungo kati ya mawe hukwanguliwa kina cha sentimita 2 hivi. Chumvi hufagiliwa ikiwa kavu, ikazolewa na kutolewa nje ya nyumba, kwa sababu ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya jiwe. Mashimo makubwa huzibwa kwa vipande vya matumbawe vilivyokitwa ndani ya chokaa. Usikubali yajazwe kwa plasta nene, maana chokaa nene hupasuka ikikauka. Kisha ukuta huloweshwa kwa maji matamu tangu jioni, na tena asubuhi, mpaka uache kunyonya kwa pupa.

Mchanganyiko ni chokaa sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3. Mchanga uwe na chembe kali za ukubwa tofauti tofauti, na usiwe na chumvi. Wa ufuoni usiooshwa unaipaka chumvi ukutani kwa mkono wa fundi mwenyewe, halafu watu wanashangaa. Tia mchanga kidogo ndani ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, acha utulie: tope litakaa juu na utaliona lilivyo nene. Maji yake yaonje. Chokaa nayo ichujwe, kwani punje zilizotoka tanuuni bila kuiva vizuri majini hupasukia ukutani wiki nyingi baadaye na kuacha vishimo. Na vijana wavae glavu na miwani. Chokaa huunguza macho.

Safu ya kwanza hurushwa kwa mwiko, isizidi milimita 10, na ikianza kukaza hukwaruzwa mistari ili ya pili ipate pa kushika. Ya pili isije kabla ya wiki kupita, na kwa unyevu wa hapa kwetu hata mbili. Hapa ndipo wengi wanaponichosha kwa maneno yao kwamba chokaa "haishiki". Inashika! Ila haigandi kwa maji kama simiti; hukaza kwa kunyonya hewa ukaa taratibu, na ili iweze kunyonya lazima ibaki na ubichi kidogo. Kwa hiyo magunia yaliyoloweshwa hutundikwa mbele ya ukuta, na madirisha yanayopokea Kaskazi hufungwa. Upepo ule ukikausha uso kabla ya ndani, utapata nyufa nyembamba kila mahali na vumbi linalobaki kiganjani. Nyufa zikianza, fundi anazirudia zikiwa bado changa, anazisugua kwa mbao hadi zifunge. Niru ya mwisho ni chokaa iliyochujwa na mchanga laini, nusu kwa nusu, milimita 2 au 3, inayosuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae. Juu yake ni chokaa ya kupaka, nyepesi, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki hapana, nayo inaziba.

Wao walifanya nini? Simiti 1 kwa mchanga 3, unene wa sentimita 3 kwa mkupuo mmoja, juu ya ukuta mkavu wenye vumbi na mabaki ya chokaa ya kupaka. Karai lililobaki wakati wa chakula likaongezwa maji na kurudishwa ukutani, ilhali simiti iliyokwisha kuanza kuganda haifufuki kwa maji. Na plasta ilipochelewa kukaza wakairushia simiti kavu ili waisugue upesi waondoke. Ujanja huo hufanya ganda gumu juu ya tumbo laini, na ganda hupasuka vipande vipande. Nyufa za namna hiyo ziko hapa kuanzia mlangoni hadi ngazini.

Niwatendee haki. Jiko jipya la nyuma, la matofali ya simiti, walilipiga plasta safi sana. Rafukasti kwanza, yaani safu ya kukwaruza inayorushwa ili plasta ipate pa kushika, kisha simiti 1 kwa mchanga 5, unene wa milimita 15, pembe zimenyooka, na wakalimwagia maji siku saba mfululizo bila kukumbushwa. Nimelipima kwa timazi na pima maji na sikupata pa kulaumu. Matofali ya simiti ni magumu, hayana chumvi ya miaka mia mbili ndani yake, na simiti ndiyo plasta yake. Kwa jiko hilo nilitaka kuwapa alama ya kati, niandike kwamba kwa nyumba mpya ni mafundi wa kutegemewa na kwa nyumba ya kale tafuta wengine.

Lakini zidaka, yale matundu ya ukutani yenye nakshi! Waliponyoosha ukuta wa ndani walitia vyuma vya pembe kwenye kingo za zidaka na kuzifanya visanduku vya dukani. Nakshi ile ilichongwa kwa kisu chokaa ikiwa bado mbichi, mstari baada ya mstari, na kila fundi alikuwa na mkono wake. Safu mbili za chini wamezijaza kabisa "ili ukuta uwe sawa". Hakuna aliyewaomba. Nikitazama jiko, hasira inazidi, kwa kuwa mikono inayoweza kazi ile ilikuwa na uwezo wa kuuliza. Mtu asiyejua ningemwonea huruma. Hawa walijua kulowesha, walijua kupima unene, walijua kusubiri siku saba, na ukuta wa kale wakaudharau makusudi. Kwa hiyo hapana, sina alama ya kati. Hata nyumba mpya nisingewapa, maana msimamizi asiyesikia leo juu ya chokaa kesho hatasikia juu ya paa.

Salio lao liko hapa na wanalidai. Watalipwa siku watakapoitoa simiti yote kwa tindo na mkono, bila mashine ya kupasulia, wakianzia sehemu zilizofura, na zidaka zilizojazwa wazifungue mbele yangu. Baada ya hapo ukuta utaachwa wazi miezi kadhaa utoe unyevu. Utapigwa kwanza safu dhaifu ya chokaa na mchanga ya kunyonya chumvi, itatolewa na kutupwa, ndipo plasta yenyewe ianze, na fundi wake atakuwa mwingine. Vifusi wavibebe wao, na punda wa kuvitoa hadi ufuoni walipe wao.