Gari la mashindano: sampu yenye vizuizi au sampu kavu?

Injini nyingi za magari ya barabarani hufa kwenye uwanja wa mbio kwa sababu moja: oili. Katika kona ndefu, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini), pampu ikavuta hewa, presha ikaanguka, na beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) zikaliwa kabla taa nyekundu haijawaka. Funga geji halisi ya presha ya oili. Kanuni ya mafundi ni presha ya takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika.

Sampu yenye vizuizi ni ileile ya kiwandani, ila imechomelewa vibati na vilango vinavyoruhusu oili kuelekea kwenye pampu bila kurudi. Ni rahisi, na kwa tairi za barabarani na vipindi vya dakika 20 inatosha kabisa. Haiwezi kitu, hata hivyo, pale oili inapokwama juu kwenye silinda hedi, kama injini za Subaru zenye silinda zilizolala zinavyopenda kufanya.

Sampu kavu huhamishia oili kwenye tangi refu la pembeni, ambako hewa hujitenga kabla oili haijarudishwa kwenye injini. Porsche 911 ilikuwa nayo tangu mwanzo. Corvette Z06 ikaipata 2006. Ukitumia tairi laini za mashindano au ukikimbia saa nyingi, mimi sioni mjadala. Ila gharama inauma, na mkanda wa pampu ukikatika, injini imekwenda. Ukague kila baada ya mbio, pamoja na mipira ya oili na viungio vyake.