Mimi na tyubu zangu 12, wakala karibu anipe presha

Jamani naomba nitapike hili maana nikikaa nalo nitaumwa. Nafanya masters, naiacha na kiu mihogo aina ya Kiroba kwenye kitalu nione jeni gani zinawaka maji yakikatika, na kuna hawa mawakala wanaokusanya sampo kupeleka nje RNA ikasomwe (RNA ni ile nakala inayoonyesha jeni gani inafanya kazi). Bei mtauliza wenyewe. Mimi nina shida na yule dada wa mapokezi.

Mzigo wa kwanza ulikuwa tyubu 6, data ilirudi safi, nikapakia kwenye Galaxy, ile ya bure ya kwenye brauza maana laptop yangu ikifungua Excel tu feni inalia, programu ya HISAT2 ikapanga vipande vya RNA kwenye ramani ya jeni za muhogo, featureCounts ikahesabu vya kila jeni, DESeq2 ikalinganisha zenye maji na zenye kiu, weee, jeni ya NCED imepaa kwenye mimea yenye kiu! Ndo inayosaidia kutengeneza ABA, homoni inayofunga vitundu vya majani. Nilipiga yowe wenzangu wakadhani nimemwagikiwa asidi. Supavaiza kaangalia, kauliza majani ulikata saa ngapi? Yenye maji asubuhi, yenye kiu mchana. Akasema sasa hicho ni kiu au ni saa? Mmea nao una saa yake. Hapo kosa langu, sibishi.

Nikarudia yote. Asubuhi na mchana, zenye maji na zenye kiu, tatu tatu, tyubu 12. Na jani la muhogo lilivyo na mawanga na takataka kibao, nimepambana na CTAB, kemikali ya kusafishia RNA, mpaka nikatoa RIN 8 na kitu, yaani alama ya uzima wa RNA, mwisho 10. Nikawakabidhi na barafu kavu, nikasema kabisa hii inapotea yenyewe, haiachi hata tone, muwe mnaongeza. Wakaziacha wikendi nzima! Baadaye napigiwa simu, "dada, sampo zako RIN 3, na hela hairudi." Barafu mliongeza? "Sisi sio wauza samaki."

SIO WAUZA SAMAKI. Muuza samaki wa Feri hawezi kukufanyia huo ujinga, samaki wake anafika Dodoma jicho linang'aa!

Nyota moja. Haya mbili, kwa ajili ya ile data ya kwanza, ilikuwa tamu kwa kweli. Hapana, moja. Mihogo mingine nimeshaanza kuinyima maji na naona nitawapa haohao tu, mwingine simjui, ila safari hii nakaa palepale mapokezi mpaka boksi litoke.