Nimekaa mwaka mzima kwenye nyumba mpya, mtaa wa zamani. Haya ndo niliyoyaona

Haya jamani mambo vipi, karibuni tena, leo sina simu wala spika mkononi, leo nachambua kitu cha gharama kuliko vyote nilivyowahi kununua, hii hii nyumba mnayoiona nyuma yangu. Nimeishi humu mwaka mzima, nimeiona kwenye jua na kwenye mvua, kwa hiyo siongei kwa kusikia.

Mtaa wetu huu ni wa siku nyingi, majirani wengine wamezaliwa hapa na sasa wana wajukuu. Hapa nilipo palikuwa na nyumba kuukuu, ikabomolewa, mjenzi akasimamisha hii, nikauziwa ikiwa bado inanuka rangi.

Nianze na mazuri maana yapo. Mtaa wa zamani haukuuzii ahadi, barabara ipo, usafiri upo, kelele za jirani unazisikia kabla hujalipa. Na nyumba yenyewe mpya, waya mpya, soketi za kutosha, paa halina viraka vya mafundi watatu tofauti. Hapo sina neno.

Sasa njooni huku nje. Mnaona huu mti? Huu ndo ulionifanya nisaini, kivuli chake nilikipenda hadi basi. Mwezi wa pili sinki la jikoni likaanza kuguna, gluu gluu, ukiflashi choo maji yanapanda kwanza ndo yanashuka kwa kujivuta. Fundi bomba akaja akafungua chemba, akapitisha kamera, ndani kwangu kote bomba ni plastiki, safi, linateleza, tukafika mpakani pale kumbe wameunganisha tu na bomba la udongo la nyumba iliyobomolewa, na ndani yake mizizi imejaa kama nywele zilizoziba shimo la bafu. Mti wangu mwenyewe jamani!

Kwa hiyo ukienda kuangalia nyumba ya namna hii usiishie kusifia kabati za jikoni. Uliza bomba la kwenda nje lilibadilishwa au liliungwa, na anayekujibu akuonyeshe, asikuambie tu. Fungua mabomba yote, flashi vyoo vyote kwa pamoja, halafu mtu mmoja asimame kwenye chemba atazame, maji yakipita moja kwa moja sawa, yakianza kujaa na kusubiri hapo kuna kazi. Ila hiyo haitoshi, kamera lipia, ni hela ndogo ukilinganisha na kuchimbua uwanja.

La pili, hapa ninapoegesha gari. Hii kona ilititia, paving zikashuka kama kiganja hivi, mimi nalaumu gari. Bibi wa nyumba ya jirani akawa ananiangalia juu ya ukuta, akaniambia mjukuu wangu, hapo si ndo palikuwa na shimo la choo la wale wa zamani. Yaani walimwaga kifusi wakafunika, bila kushindilia tabaka kwa tabaka, mvua ikaingia, kifusi kikajipanga chenyewe. Na huyu bibi alikuwepo siku zote, ningemsalimia tu kabla ya kununua angeniambia yote bure! Waulizeni majirani palikuwa na nini, kisima, shimo, mti mkubwa uliokatwa, maana kwenye udongo wa mfinyanzi mti ukikatwa maji uliyokuwa unayanywa yanabaki ardhini, udongo unavimba taratibu na unaweza kuinua msingi.

Nyufa. Komenti zote mnauliza nyufa. Nyumba mpya lazima ikauke, zege na plasta vinanywea, nyufa nyembamba kama unywele, chini ya milimita 1, mimi hazininyimi usingizi. Ile inayotoka kwenye pembe ya dirisha ikapanda mshazari, unaiziba inarudi, inazidi kupanuka, hiyo usimwite fundi rangi, ita injinia. Mimi nachukua penseli naweka alama pale ufa ulipoishia na tarehe pembeni, huu hapa, miezi 7 haujasogea. Na msikimbilie kubandika makabati ukutani, nilifanya hivyo nyuma yake pakaota ukungu kwa sababu ukuta ulikuwa bado unatoa maji yake.

Kingine ambacho sikukiwaza kabisa, nyumba mpya nyingi hujengwa juu kuliko za zamani, sasa maji ya mvua yanaenda wapi? Kwa bibi! Ardhi inatakiwa iinamie mbali na ukuta, kama sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza, hiyo mjenzi alifanya vizuri tu, ila mtaro wa kuyapokea hakuweka, mvua ya kwanza uwanja wa watu ukawa bwawa na mimi ndo mgeni mtaani. Mtaro nimechimba kwa hela yangu. Mkinunua, kabla hamjalipa yote andikeni kila kasoro, mjenzi asaini, na sehemu ya pesa ibaki mkononi mwenu mpaka amalize, mimi nililipa yote siku moja, simu yake tangu hapo inaita tu.

Ningenunua tena? Ndio, ila kwa bei pungufu na bomba jipya. Nyota naipa 7 kwa 10, na kati ya hizo nyota 7, moja nzima ni ya bibi jirani. Shikeni hii kamera nifungue chemba mwone mizizi imesharudi kiasi gani, walioko kwenye chakula samahanini.