Mtegeaji wa kundi: mmalizane wenyewe au apelekwe kwa mhadhiri?

Kazi ya kundi, watu sita, wanaoandika wawili. Wengine utawaona siku ya kukusanya, wakiuliza, "Jina langu mmeliweka?"

Kumalizana wenyewe hakugharimu kitu: siku ya kwanza gawaneni sehemu, kila moja na jina na tarehe, hapohapo kwenye grupu la WhatsApp. Urafiki unabaki. Ila asiyejali hatajali, na wewe ndiye utakayekesha na sehemu yake.

Mhadhiri ana rungu la alama. Lakini anataka ushahidi (zile meseji za mgawanyo, usizifute), na ukimwendea usiku wa kuamkia kukusanya atauliza mlikuwa wapi. Halafu utaitwa msaliti, na bado mna mihula mitatu darasa moja.

Mwenzako kazidiwa na kibarua? Ongea naye kwanza. Kama ni mazoea, mimi ningegonga mlango wa ofisi.